Uzito Hupikwa Nyumbani

Watafiti waliwahi kuwafuata watu waliokuwa wakijiandaa kuhama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Waliwapima wakiwa bado kijijini, kisha wakawatafuta tena jijini. Walioandikishwa walikuwa 209, wanaume kwa wanawake, wastani wa umri wao ukiwa miaka 29. Waliopatikana baada ya miezi 12 walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani. Kijijini, karibu wanaume wanane katika kila kumi walikuwa na shughuli nzito za kutoa jasho. Mjini walibaki chini ya watatu. Ila kuna tokeo jingine, katika ripoti hiyo iliyochapishwa mwaka 2010, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: watu hao hao walikuwa wanakula matunda na mboga zaidi ya walivyokula kijijini. Walinenepa huku wakitimiza nusu ya ushauri unaobandikwa kwenye kuta za kila zahanati.

Habari ya kupunguza uzito, tunavyoizungumza, huishia kwenye nia ya mtu mmoja: ajikaze, ajinyime, aache. Wahamiaji wa Morogoro hawakuangusha nia yao njiani. Walichoacha nyuma ni jembe, mteremko wa kisimani na mwendo wa kwenda shambani. Walichokuta ni usafiri wa kukaa, kazi ya kukaa, na chakula cha kukaangwa hatua chache kutoka mlangoni. Kama mwili hubadilika kwa sababu mpangilio wa siku umebadilika, anayetaka kuupunguza hana budi kuugusa mpangilio huo. Na mpangilio wa siku katika nyumba zetu haumilikiwi na mtu mmoja. Anayekula siye anayepika, anayepika siye anayenunua, na anayenunua mara nyingi hayupo mezani. Ushauri unaomlenga mlaji peke yake humwacha apambane na sufuria ya watu wote.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji maneno mengi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia nchini Tanzania ulionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004 na 2005, wakafika asilimia 28 mwaka 2015 na 2016. Kenya ilitoka asilimia 25 mwaka 2008 na 2009 ikafika 33 mwaka 2014. Nyuma ya namba hizo kuna presha, kisukari, magoti yanayouma kabla ya wakati, na ujauzito wenye hatari.

Lakini kuna jambo la kusemwa kabla hatujaingia jikoni. Kwetu mwili mkubwa umesomwa kwa muda mrefu kama ushahidi wa kutunzwa. Bibi harusi akinenepa miezi michache baada ya ndoa, ukoo wake hufurahi. Mwanamume akiota kitambi, watu husema mambo yake yamenyooka. Upande wa pili wa usomaji huo ni mchungu. Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia Uganda, watu waliuita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha waliougua, na kwa miaka mingi katika ukanda mzima kukonda kulimaanisha kaburi li karibu. Mpaka leo mwanamke aliyejipunguza kilo nane kwa juhudi zake huulizwa na shangazi yake kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa?" Mwanamume naye huulizwa kama mkewe hampikii siku hizi. Sioni haki kuliita swali hilo ujinga. Wanaouliza walizika ndugu. Ndiyo maana naamini anayeanza safari hii awaambie watu wa nyumbani mapema, na sababu zake, kwa kuwa ukimya huzaa hofu, na hofu huleta sahani iliyojazwa kwa mapenzi.

Tuanze na mazoezi, kwa sababu ndiko wengi huanzia na ndiko wengi hukata tamaa. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadza huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwanamume wa Kihadza hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, mwanamke karibu kilomita sita, na hapo hatujahesabu kuchimba na kubeba. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku nzima. Ulipozingatiwa ukubwa wa mwili, Wahadza hawakutumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Inaelekea mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine.

Hilo halishushi thamani ya kutembea. Moyo wa Mhadza mzee ni wa kuonewa wivu, na mazoezi hushusha presha na sukari hata pale mizani isiposogea. Linaloshuka ni matarajio. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi ya wastani saa nzima hutumia kalori 250 hadi 300 hivi, kiasi ambacho maandazi mawili hukirudisha kwa dakika tano. Anayekimbia Jumamosi asubuhi na klabu yake ya jogging, kisha akamalizia na supu ya kongoro na chapati mbili, ameufanyia moyo wake jambo jema, ila uzito wake utabaki pale pale. Kiuno hupunguzwa kwanza na chakula. Miguu hulinda kilichopatikana. Wanaoifuata rejista ya Marekani ya watu waliopunguza uzito na kuudumisha, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, wamekuta kwamba wengi wa watu hao hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku na hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki.

Sasa jikoni, na hapa sitaki kupita haraka.

Chukua nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta ya kula kila baada ya siku nne. Lita hiyo ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta ni kalori tisa: jumla ni zaidi ya kalori 8,200. Gawanya kwa siku nne, kisha kwa watu watano, na kila mmoja amekunywa, bila kujua, zaidi ya kalori 400 za mafuta kwa siku. Hakuna aliyekula chipsi. Mafuta yameingia kwenye mchuzi, kwenye kitunguu cha kukaangia mchicha, kwenye wali na kwenye chapati za Jumapili. Lita hiyo hiyo ikidumu siku sita badala ya nne, kila mtu amepungukiwa kalori 140 hivi kila siku, wala hakuna aliyenyimwa chakula. Kwa hiyo kama ningepewa nafasi ya kuipa kila nyumba kipimo kimoja tu, nisingetaja kalori. Ningesema: andikeni tarehe kwenye chupa ya mafuta siku mnapoifungua. Kipimo hicho kinasomwa na mpishi, mnunuzi na mlaji kwa pamoja. (Watoto wadogo, hasa wasiofika miaka miwili, wanahitaji mafuta ili wakue, sahani yao isibanwe kwa ajili ya kiuno cha baba.)

Njia ya kufika siku sita inajulikana na mpishi yeyote akiulizwa kwa heshima. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kitunguu kinaweza kuanza na maji kidogo. Dagaa wakaangwe siku moja, siku nyingine wachemshwe na nyanya na ndimu. Tui zito libaki kwa siku ya wageni, na siku nyingine litumike tui jepesi. Samaki wa kuchoma, wa kupaka au wa mchuzi ana nafasi yake ya zamani kwenye meza za pwani. Hakuna haja ya kuleta mapishi ya ugenini ili kupika kwa mafuta machache. Chipsi mayai ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi: kiazi kimeshanyonya mafuta kwenye karai, kisha kinarudishwa kwenye kikaango chenye mafuta mengine ili kishikane na yai. Ni mlo wa haraka, wenye kushibisha na wa bei nafuu, na hizo ndizo sababu umekuwa chakula cha jioni cha vijana wengi wanaoishi chumba kimoja bila jiko la maana. Kumkemea kijana huyo hakumpi jiko.

Sukari inafuata. Kijiko cha chai ni gramu nne hivi. Anayetia vijiko vinne kwenye kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekula karibu gramu 48 kabla hajagusa soda, juisi wala keki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia tano, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Chupa ya soda ya mililita 350 peke yake inavuka kiwango hicho cha pili. Tatizo la chai yetu ni kwamba katika nyumba nyingi hutiwa sukari ikiwa bado kwenye birika au chupa ya chai, hivyo mwenye kisukari, mtoto na mgeni wote hunywa kipimo cha mpishi. Kuitoa sukari kwenye chupa na kuiweka mezani ni mabadiliko madogo, lakini yanarudisha uamuzi kwa mnywaji. Baada ya hapo vijiko vinne vishuke vitatu kwa wiki kadhaa, kisha viwili. Wanaoacha ghafla mara nyingi hurudi. Ulimi hauzoei kwa amri.

Juu ya ugali na wali nina msimamo ambao huenda usiwapendeze wanaohubiri kuacha wanga kabisa. Ugali haukuwanenepesha babu zetu waliolima. Unatunenepesha sisi kwa sababu kipimo chake kimebaki cha mkulima wakati siku imekuwa ya karani. Gramu 200 za unga wa mahindi ni kalori 700 hivi, na kiasi hicho humezwa bila taabu na mtu mmoja, hasa kikiwa cha sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe. Dona hushibisha mapema zaidi kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, na hilo ni la msaada, ila dona ya kujaza sahani nayo ni ya kujaza sahani. Kinachosaidia ni kubadilisha uwiano: mboga ya majani ichukue nusu ya sahani, maharage, kunde, choroko au samaki wachukue robo, ugali ubaki na robo yake. Kwa mama lishe uwiano huwa kinyume, na kuna sababu ya kiuchumi: wanga na mafuta ndiyo shibe ya bei ya chini kabisa, na mteja anayelipa kwa jasho lake hupima thamani kwa urefu wa mlima. Anayekula hapo kila mchana anaweza kuomba wali nusu na mboga za ziada. Wengi wa mama lishe hukubali bila neno wakizoeana na mteja.

Sinia lina changamoto yake. Watu wanne wanapokula pamoja hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na adabu haimruhusu mtu kuinuka wa kwanza akawaacha wenzake. Sipendekezi sinia livunjwe. Kula pamoja ni mali tusiyopaswa kuipoteza kwa ajili ya mizani. Kinachowezekana ni kupakua kidogo na kuacha sufuria jikoni, mbali na mkono. Ushahidi kwamba mtu hula zaidi anapopewa zaidi ni imara: uhakiki mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 ulithibitisha hilo. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwa maana uwanja huu pia umechafuliwa. Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell alipata umaarufu wa dunia kwa tafiti zake za sahani, mabakuli na mazoea ya mlaji, kisha mwaka 2018 makala zake sita zilifutwa kwa siku moja na majarida ya Chama cha Madaktari cha Marekani. Wingi wa kinachopakuliwa ni jambo la kuaminiwa. Hadithi za rangi ya sahani afadhali ziachwe.

Kula ni suala la saa pia. Mfanyakazi anayeishi Chanika au Kibaha na kufanya kazi katikati ya jiji huamka kabla ya adhana ya alfajiri, hurudi usiku, na mlo wake mkubwa hupikwa saa tatu usiku na kufuatwa na kitanda. Asubuhi alikunywa chai na vitumbua akiwa kituoni. Ana usingizi wa saa tano. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Marekani waliwagawa watu 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu, na kuwasaidia nusu yao waongeze usingizi; hao walipolala saa moja na zaidi kuliko kawaida yao, ulaji wao ulishuka kwa kalori 270 kwa siku bila kuambiwa wapunguze chakula. Kwa mtu wa Chanika ushauri huo una ukatili fulani, kwa sababu usingizi wake umeibwa na foleni. Hata hivyo kuna saa ambazo foleni haikuziiba: zile za simu, kati ya kuzima taa na kulala kweli. Hizo zimo mikononi mwake.

Hapa huingia habari ya kufunga, ambayo nchini Tanzania imepewa sauti kubwa na Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani. Mahubiri yake ya kula mara chache na kuiogopa sukari yaliwafanya watu wa daladala na vijiwe vya kahawa wabishane kuhusu insulini. Naliona hilo kama huduma kubwa kwa taifa. Kuhusu kufunga kwenyewe, ushahidi unataka upole. Jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022, liliwagawa watu 139: wote walipunguza kalori, na nusu yao walikula ndani ya saa nane tu kila siku. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepungua, bila tofauti ya maana kati yao. Kufunga humfaa yule ambaye kwake ni rahisi kuacha kabisa kuliko kula kidogo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asianze kabla ya kuonana na daktari wake, kwa kuwa sukari inayoshuka sana inaweza kuua kwa saa chache.

Na Waislamu wa pwani wana somo lao la kila mwaka. Tafiti nyingi za Ramadhani zikijumlishwa huonyesha kwamba uzito hushuka kidogo ndani ya mwezi na hurudi katika wiki chache baada ya Idi. Futari inaeleza sehemu ya sababu: mihogo ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, sambusa, vikifuatwa na daku. Aliyekaa saa 13 bila chakula hufidia kwa saa mbili. Sehemu nyingine ya sababu ni kwamba Ramadhani ni mpangilio wa jamii nzima, wenye saa moja na adhana moja, na unapoondoka huondoka na kila kitu. Mwezi mzima watu waliweza kukaa mchana kutwa karibu na chakula bila kukigusa. Uwezo huo haukutoka kwa nia ya mmoja mmoja tu, ulishikiliwa na wote.

Mjadala wa mlo upi ni bora zaidi, wa mafuta machache au wa wanga kidogo, umekula karatasi nyingi kuliko unavyostahili. Christopher Gardner na wenzake wa Stanford waliwafuata watu 609 kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo mwaka 2018: walioshika mlo wa mafuta machache walipungua kilo 5.3 kwa wastani, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na walioongezeka. Swali lenye faida kwa familia ni mlo upi unaweza kupikwa nyumbani kwao, kwa pesa yao, mpaka mwakani. Kilicho wazi zaidi ni madhara ya vyakula vilivyosindikwa sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti: wiki mbili za vyakula hivyo na wiki mbili za vyakula vya kawaida, kila mmoja akila mpaka ashibe. Kwa vyakula vilivyosindikwa walikula kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Sisi bado tuna bahati ya soko la ndizi, mchicha na dagaa kila mtaa, na bahati hiyo inamomonyoka rafu kwa rafu.

Kwa nini basi uzito unaopungua hurudi? Jibu linawapa haki wengi waliohukumiwa kwa uvivu. Mwili unaopungua hujitetea. Watafiti wamekadiria kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya nishati hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, na njaa hupanda kwa kalori 100 hivi. Aliyepungua kilo saba anabeba njaa ya ziada ya kalori 700 kila siku. Hall huyo huyo aliwafuata washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito. Miaka sita baadaye wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na kwa siku miili yao bado ilitumia karibu kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa. Ndiyo maana mzani husimama baada ya miezi sita au minane hata kwa mtu asiyedanganya chochote, na ndiyo maana kasi ya mwanzo inayotangazwa mitandaoni ni kigezo kibaya cha mafanikio.

Hali hii ndiyo iliyofungua soko la dawa. Chai za "kukata mafuta" nyingi huwa na majani ya kuharisha: kinachotoka ni maji na choo, mafuta yako yamebaki. Vidonge vibaya zaidi vimewahi kukutwa vimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Sindano mpya za semaglutidi ni habari tofauti, na zinafanya kazi kweli: katika jaribio kubwa la 2021 watu walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili. Ni tiba halali kwa mgonjwa anayeihitaji akiwa chini ya daktari, na ni tiba ya muda mrefu, hivyo anayeinunua bila uhakika wa kuendelea nayo ajue ananunua nini.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote hauna mng'aro wa namna hiyo. Marekani iliwagawa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa metfomini, dawa ya kisukari, jingine kidonge kisicho na dawa, la tatu lilisaidiwa kubadili maisha: lengo la kupungua asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, kukiwa na vipindi 16 na mshauri aliyemjua mshiriki kwa jina. Matokeo ya 2002 yalionyesha kisukari kimepungua kwa asilimia 58 kwa waliobadili maisha na 31 kwa wa metfomini. Baada ya miaka 10 sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imerudi, na bado kundi lile lilikuwa na kisukari pungufu kwa asilimia 34. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia saba ni kilo sita na kitu. Hatakuwa mwembamba, atakuwa na suruali ile ile, na ameiahirisha kliniki ya kisukari kwa miaka. Katika jaribio kama hilo kule Da Qing, China, lililoanza mwaka 1986, kliniki nzima nzima zilipangiwa njia, badala ya mtu mmoja mmoja, na faida ilionekana hata miaka 30 baadaye katika vifo vya moyo. Natamani kliniki zetu zichukue hilo: anayepewa namba ya faili aje na anayempikia, na swali la kwanza liwe nani anapima mafuta nyumbani. Dada wa kazi mwenye umri wa miaka 19 ana nguvu juu ya presha ya nyumba ile kuliko vidonge vya asubuhi, na hakuna aliyewahi kumweleza.

Muda wa kuzoea nao ujulikane. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliochagua tabia moja ndogo ya kurudia kila siku mahali na wakati ule ule. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kujiendesha bila kufikiriwa. Kwa wengine siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hesabu hiyo nyumba inaweza kubeba mabadiliko manne au matano kwa mwaka, yakipokezana: kwanza sukari itoke kwenye chupa ya chai, hilo likishazoeleka mafuta yapimwe, kisha mlo wa usiku uliwe saa nzima mapema zaidi, kisha kushuka daladala kituo kimoja kabla. Yakianza yote Januari mosi hufa pamoja mwezi wa pili.

Na pale mizani itakaposimama, karibu mwezi wa saba, nyumba inapaswa kuwa imeshapanga cha kufanya: kujipima kila Jumatatu asubuhi, kuangalia tarehe ya chupa ya mafuta, na kuongeza mwendo, kwa kuwa sasa ndio zamu ya miguu kufanya kazi yake. Kilo mbili zikirudi, familia irudi kwenye kipimo cha kijiko wiki hiyo hiyo, bila kumsema mtu, na shangazi aalikwe aone mwenyewe kwamba hakuna anayeumwa.